Siku ya kura Erie, na asubuhi inayofuata

Naanza na lile linaloweza kukufukuzisha nchini. Kama una grini kadi na bado hujaapishwa kuwa raia wa Marekani, usipige kura. Hata kama uliulizwa ofisini, siku ya kuchukua leseni ya udereva, kama unataka kuandikishwa ukaitika bila kuelewa. Hata kama kadi ya mpigakura imekufikia nyumbani kwa posta. Usiende nayo kituoni. Mtafute wakili wa uhamiaji akuelekeze namna ya kufutwa daftarini. Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili hapa Erie, Pennsylvania, kwa miaka kumi na miwili, na sijaona kosa jepesi kulifanya na zito kulilipia kama hili.

Sasa wewe uliyekwisha kula kiapo. Mimi ni mliberali na ninawapigia kura Democratic. Naamini mkimbizi anastahili kupokelewa, mgonjwa hapaswi kufilisika kwa sababu alitibiwa, na kura ya anayefagia hospitali usiku ina uzito uleule wa kura ya mwenye kiwanda. Kaunti yetu inajulikana nchi nzima kwa kuyumba: ilimchagua Obama mara mbili, ikaenda kwa Trump 2016, ikarudi kwa Biden 2020, ikamrudia Trump 2024, na mara hizo tatu za mwisho tofauti ilikuwa ndogo mno. Ukiishi hapa, usikubali kuambiwa kwamba kura moja haifiki popote.

Hakikisha umeandikishwa angalau siku 15 kabla ya uchaguzi. Ndugu zetu wa Minnesota wanaweza kujiandikisha siku ileile ya kura; Pennsylvania hakuna nafasi hiyo. Fomu itakuuliza chama. Wengi wetu tunaacha wazi kwa hofu, tukikumbuka kwetu mtu kujulikana chama chake kulimaanisha nini. Lakini Pennsylvania asiye na chama hachagui wagombea kwenye mchujo, na kwenye mitaa mingi ya mjini mchujo ndio uchaguzi wenyewe. Jaza.

Anayefanya kazi zamu mbili aombe kura ya posta. Sheria ya jimbo hili haimlazimishi mwajiri kukupa ruhusa ya kwenda kupiga kura, kwa hiyo usitegemee huruma ya msimamizi siku yenyewe. Maombi yafike kabla ya saa kumi na moja jioni ya Jumanne inayotangulia ile ya kura. Karatasi ikishakufikia, kuna bahasha mbili: kura inaingia kwanza kwenye bahasha ya siri, na hiyo ndiyo inayoingia kwenye bahasha ya nje. Ukiiruka ile ya siri, kura yako inatupwa. Bahasha ya nje itie sahihi, na uandike tarehe ya siku unayotia sahihi, si tarehe yako ya kuzaliwa. Mahakama zimeibishania tarehe hiyo miaka kadhaa. Wewe usiusubiri mwisho wa ubishi, iandike. Na iwe imefika ofisi ya uchaguzi ya kaunti kabla ya saa mbili usiku wa siku ya kura. Muhuri wa posta hausaidii kitu ikichelewa.

Vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi na kufungwa saa mbili usiku. Ukiwa kwenye foleni saa mbili inapogonga, una haki ya kupiga kura hata foleni ikiendelea hadi saa tatu. Usiondoke. Kama ni mara yako ya kwanza kwenye kituo hicho, beba kitambulisho. Wakikwambia jina lako halipo, usirudi nyumbani kwa aibu. Sema kwa sauti ya kawaida kwamba unaomba kura ya muda. Utaandika jina na sahihi kwenye bahasha yake, na kaunti itachunguza baadaye kama ulistahili. Karani mchovu anaweza asikukumbushe. Wewe ndiye wa kuuliza.

Jambo ninalotaka kila familia ya Waswahili hapa ilijue ni haki ya msaidizi. Karatasi ya kura haitafsiriwi Kiswahili, maana sheria ya lugha inawataja wanaozungumza Kihispania, Waasia na wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska, sisi hatumo. Lakini kifungu cha 208 cha Sheria ya Haki za Kupiga Kura ya mwaka 1965 kinasema asiyeweza kusoma au kuandika anaweza kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Mwanao anaweza. Jirani anaweza. Mimi naweza.

Novemba 2020 nilimpeleka mama mmoja wa Uvira, Kongo, mwenye miaka zaidi ya sabini, uraia wake haujamaliza hata mwaka. Kituo kilikuwa ukumbi wa chini wa kanisa, viti vya chuma vimesogezwa ukutani, sote tumevaa barakoa. Alisimama mlangoni akatazama kulia na kushoto. "Njo kura hii? Basoda beko wapi?" Nikamwambia hapa wanajeshi hawaji, ni hawa mabibi wa mtaani tu na daftari lao. Jina langu likaandikwa kama msaidizi. Tukakaa, nikamsomea kila jina kwa zamu ileile iliyochapwa, sauti yangu nikiishikilia isipande kwa jina nilipendalo wala kushuka kwa nisilolipenda. Hapo ndipo penye kazi, nawe ukisaidia, jilinde hapo. Usimwelekeze hata kwa macho. Alishika kalamu kwa ngumi kama anavyoshika mwiko, akajaza kiduara polepole, akainua karatasi kuona kama wino umefika kingo zote. Kisha akailisha mashine mwenyewe.

Jioni, kituo kikifungwa, mashine hutoa ukanda mrefu wa karatasi wenye hesabu, na nakala hubandikwa pale pale kituoni. Nenda ukausome. Mimi nimekulia Mombasa, na kwetu fomu 34A inayobandikwa mlangoni ndiyo raia huipiga picha ili asidanganywe na yeyote huko mbele. Huku ni vilevile, ila watu wengi hawajui kwamba upo.

Kisha nenda nyumbani ule. Usikae na ramani ya matokeo hadi usiku wa manane. Kama ni lazima utazame, elewa unachokiona: sheria yetu hairuhusu bahasha za posta zifunguliwe kabla ya saa moja asubuhi ya siku ya kura, hivyo kura za vituoni, ambazo zimeelekea zaidi kwa Republican, huonekana kwanza, na za posta hufuata. Mwaka 2020 Trump aliongoza Pennsylvania usiku ule, na hesabu ilipoendelea Biden akampita. Alitangazwa mshindi Jumamosi, siku nne baada ya kura. Hakuna aliyeiba. Mwaka 2024 kaunti zilihesabu haraka zaidi na jibu lilikuja kabla jua halijachomoza. Wajumbe wanaomchagua rais, 312 kwa Trump, 226 kwa Harris. Pennsylvania, na wajumbe wake 19, imekwenda kwa Trump.

Sasa ile asubuhi. Ukishindwa, kiri kwamba umeshindwa, mbele ya watoto wako, kwa maneno mafupi. Kwangu mimi huu ndio moyo wa uliberali. Sikuvumilia kuona watu wakivamia Bunge Januari 6, 2021 kwa sababu wamekataa hesabu, kwa hiyo siwezi kuikataa hesabu inaponiumiza mimi. Kamala Harris alikubali matokeo hadharani siku iliyofuata, pale Chuo Kikuu cha Howard, na Januari 6, 2025 yeye mwenyewe, akiwa makamu wa rais, aliongoza kikao kilichothibitisha kushindwa kwake. Nilikitazama hadi mwisho kwa heshima kubwa.

Usigombane na jirani mwenye bango la upande wa pili. Jirani yangu huyo ndiye anayenisukumia theluji mlangoni.

Ila kukubali matokeo si kukaa kimya. Asubuhi ile ya Novemba 6, 2024 yule mama wa Uvira alinipigia simu. Hakuuliza nani kashinda. Aliuliza, "Watoto wa dada yangu, wale wa Nyarugusu, watafika?" Wako kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, na faili lao lilikuwa limepita mahojiano yote. Januari 20, 2025 rais mpya alitia sahihi amri ya kusimamisha kupokea wakimbizi, na watoto wale wangali Kigoma.

Kwa hiyo, tangu kura hadi kuapishwa una wiki kumi na moja, zitumie. Kusanya karatasi za kila mtu wa nyumbani, vyeti vya kuzaliwa, vya uraia, barua za uhamiaji, zipige picha na uziweke mahali pawili. Anayestahili uraia ajaze fomu sasa. Mpigie simu mbunge wako kupitia 202-224-3121, useme unapoishi, utaje jambo moja tu, na kama ni la faili la ndugu yako omba kuzungumza na mtu anayeshughulikia kesi za wakazi. Ofisi za wabunge hufanya kazi hiyo bila kuuliza ulimpigia nani kura. Kanisani au msikitini andikeni orodha ya nani atampeleka nani.

Na usisubiri miaka minne. Novemba 4, 2025 huku tuliulizwa kama majaji watatu wa Mahakama ya Juu ya Pennsylvania waendelee, mahakama ileile iliyoamuru ramani ya majimbo ya ubunge ichorwe upya mwaka 2018. Swali la ndiyo au hapana. Siku hiyohiyo New York ilimchagua Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, kuwa meya, na simu yangu haikunyamaza, lakini mimi nilikuwa kwenye ukumbi ule wa kanisa. Mama alikuja na koti la mjukuu wake, upepo wa ziwa ukimkata masikio. Nikamsomea majina matatu. Akaniambia, mwanangu, neno "ndiyo" na neno "hapana" yalivyoandikwa nimeshayajua, simama pale. Nikasogea. Akajaza viduara vyake, akaipeleka karatasi kwenye mashine, akanirudia kuuliza kama ule ukanda watauweka palepale mlangoni.