Kuandika historia ya chuo cha ufundi: mfano wa Mombasa

Anza na majina, majengo baadaye. Chuo cha ufundi hubadilishwa jina kila serikali inapobadili nia juu yake, na kila jina lina majalada yake. Ukilitafuta jina la sasa la chuo cha Mombasa, Technical University of Mombasa, katika nyaraka za miaka ya 1950 hupati kitu. Jina hilo ni la 2013. Andika mlolongo mzima: MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education, taasisi ya kuwafundisha Waislamu ufundi); Mombasa Technical Institute, 1966; Mombasa Polytechnic, 1972; chuo kikuu kishiriki, 2007; chuo kikuu kamili, 2013.

Kisha tenganisha tarehe, maana hapa ndipo wengi huteleza. MIOME iliasisiwa 1948, wanafunzi wakaanza kupokewa 1951. Ukitaja mwaka bila kusema ni wa nini, msomaji atadhani vyanzo vinapingana. Mabadiliko ya hadhi yathibitishe kwenye Gazeti la Serikali, unakili namba ya tangazo na siku yake. Vijitabu vya mahafali hunakiliana makosa.

Fuata pesa pia. Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni wote walichangia, kwa hiyo usiishie Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Nairobi. Ulizia Zanzibar na London. Wanafunzi nao walitoka Afrika Mashariki nzima.

Karakana ndiyo inayosahaulika. Kila mashine ya kukereza ina kibati chenye jina la mtengenezaji na namba. Usikisugue kwa msasa, utafuta herufi. Pangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, kisha piga picha huku tochi ikimulika kutoka ubavuni ili herufi zitoe kivuli. Lakini mwaka wa kuundwa si mwaka wa kufika chuoni: mashine nyingine huja zikiwa zimeshatumika kwingine. Linganisha na daftari la vifaa.

Wazee waliosoma hapo usiwaanze kwa kuwauliza mwaka. Waulize jiliwa lao, kile kifaa cha kubania chuma, lilikuwa upande gani wa karakana, kazi ya kwanza ya tupa ilikuwa ipi, fundi mkuu alikuwa nani. Mwaka utaupata kwenye cheti, nacho kisome vizuri: vyeti vingi vya ufundi vya zamani ni vya City and Guilds, taasisi ya mitihani ya ufundi ya London, na KNEC, Baraza la Mitihani la Kenya, ilianza 1980 tu. Picha watakazokuazima ziandike nyuma kwa penseli laini, pembeni. Wino hupenya hadi mbele.