Jinsi ya kupima kama kelele za mashabiki mtandaoni ndizo ladha ya watu wa Kisumu

Hashtagi ya msanii iko juu tangu asubuhi, TikTok imejaa kiitikio chake, na promota tayari anatafuta ukumbi. Kabla hajatuma dipoziti, kuna kazi ya wiki moja inayofaa kufanywa. Haihitaji zaidi ya nauli, bando na posho ya wahoji wanne.

Kundi la mashabiki hupima ukali wa mapenzi, halipimi upana wake. Watu mia tatu wanaompenda msanii hadi wakeshe wakimtetea wanaweza kuonekana mtandaoni kama mji mzima. Ukiuza tiketi mia tatu, hao ndio wateja wako na usiwadharau. Ukipanga kipindi cha redio cha asubuhi au ukitaka kujaza uwanja wa Mamboleo, hao peke yao watakupoteza.

Kwanza, taja umma wako

"Watu wanaupenda" si kipimo. Andika sentensi moja yenye umri, mahali na bei, kwa mfano: wakazi wa mitaa ya Kondele, Manyatta na Nyalenda, miaka 18 hadi 35, watakaolipa shilingi 500 Jumamosi moja. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,155,574 katika kaunti ya Kisumu. Sensa hiyohiyo ilionyesha kwamba nchini kote ni asilimia 22.6 tu ya watu wa miaka mitatu na zaidi waliotumia intaneti, ilhali asilimia 56.9 ya kaya zilikuwa na redio. Simu zimeongezeka tangu hapo, lakini mama anayeuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye bado anapata nyimbo zake redioni na kwenye matatu, na hakuna hashtagi inayomhesabu.

Hesabu watu, usihesabu machapisho

Hapa ndipo wengi huteleza, kwa hiyo usiharakishe. Mwaka 2006 Jakob Nielsen, mtaalamu wa matumizi ya tovuti, alieleza kanuni ya makadirio ambayo bado inasaidia: katika jamii ya mtandaoni, kati ya watu 100, takriban 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na mmoja ndiye anayeandika sehemu kubwa ya yote unayoyaona. Kwa hiyo machapisho elfu moja yanaweza kuwa kazi ya watu arobaini.

Chukua machapisho 200 ya hashtagi hiyo kwa siku mbili, moja ya kazi na moja ya wikendi. Kila siku chukua 25 asubuhi, 25 mchana, 25 jioni na 25 usiku wa manane. Ukichukua yote ndani ya saa ileile utanasa saa ambayo mashabiki wamepatana kuandika pamoja, jambo ambalo hulipanga kwenye WhatsApp na Telegram kwa nidhamu ambayo vyama vya siasa vingeionea wivu. Fungua Google Sheets: safu ya A jina la akaunti, B saa, C mahali mwenye akaunti anaposema anaishi, D maneno yenyewe. Chini ya safu ya A andika =COUNTUNIQUE(A2:A201), upate idadi ya akaunti tofauti.

Kwa kipimo chetu cha kazi, akaunti tofauti zaidi ya 140 ni dalili nzuri, na chini ya 60 ni kwaya moja inayoimba kwa sauti kubwa. Katikati ya hapo, angalia akaunti kumi zinazoandika zaidi: zikiwa zimebeba nusu ya machapisho yote, irudishe kwenye kwaya. Kisha panga safu ya D kwa alfabeti. Sentensi zilezile zikifuatana, mtu amewagawia wenzake maneno ya kubandika. Mwisho, futa kila mtu ambaye safu ya C inaonyesha yuko Nairobi, Doha au Marekani. Kwa wasanii wa ohangla, muziki wa Waluo, kama Prince Indah au Emma Jalamo hatua hii ni ya lazima, kwa sababu wana wafuasi wengi walio mbali na nyumbani. Wafuasi hao wanampenda msanii kweli, ila Jumamosi hawatakuwa Kisumu.

Namba za watazamaji nazo zina mitego yake. YouTube iliacha mwaka 2019 kuhesabu watazamaji wa matangazo ya kulipia katika chati zake za muziki, lakini namba iliyo chini ya video bado inaweza kuwa nao. Na hata chati kubwa husukumwa na mashabiki waliojipanga: mwaka 2021 wimbo wa kundi la Korea Kusini BTS, Butter, ulikaa kileleni mwa chati ya Marekani ya Billboard Hot 100 kwa wiki 10, ukibebwa zaidi na watu walioununua kuliko redio. Hakuna aliyeiba kura. Ni kwamba mnunuzi mwenye bidii alikuwa na uzito kuliko msikilizaji wa kawaida.

Google Trends, ukurasa wa Google unaoonyesha watu wanatafuta nini na wapi, itakusaidia kidogo. Chagua Kenya, siku 90, weka majina mawili au matatu ya wasanii, kisha tazama ramani ya kaunti. Kumbuka kwamba 100 pale si idadi ya watu. Ni mahali ambapo jina lilitafutwa zaidi kwa uwiano wa utafutaji wote wa hapo, na kaunti yenye watumiaji wachache inaweza kung'aa bure. Meneja wa msanii akikuletea picha ya skrini, mwombe afungue YouTube Studio, ukurasa wa takwimu za mwenye chaneli, mbele yako kwenye sehemu ya miji. Picha za skrini huhaririwa.

Nenda mahali mashabiki hawana mkono

Kijana wa duka la muvi anayejaza nyimbo kwenye flashi na memori kadi anajua mengi kuliko chati yoyote. Wenye matatu na boda humlipa ili awawekee wanachotaka abiria, na hawana sababu ya kumfurahisha msanii. Tembelea maduka matano, mawili karibu na stendi kuu na matatu mitaani. Usiulize "huu wimbo unaulizwa?" kwa maana atasema ndiyo. Uliza: "Juzi na jana watu wameulizia nyimbo gani?" Andika majina yote kwa mpangilio anaoyataja, ndipo utazame kama wako yumo.

Panda matatu kumi kwa njia tofauti, mfano Maseno, Ahero na mitaa ya ndani, uandike kilichopigwa. Dereva ndiye anayechagua, kwa hiyo safari mbili na dereva mmoja ni safari moja. Redio hutaka saa mbili za kituo cha Kidholuo na saa mbili za kituo cha Kiswahili, asubuhi na jioni. Zungumza pia na deejay wa harusi na wa disko matanga, disko la usiku msibani. Yeye huona sakafu ikijaa au ikimwagika ndani ya dakika moja.

Mtihani wa barabarani

Tayarisha vipande vitano vya sekunde 15, vyote vikianzia kwenye kiitikio: wimbo unaoupima, ohangla inayojulikana, Bongo Flava iliyopigwa sana redioni, wimbo wa injili, na cha tano kiwe chambo, yaani wimbo wa studio ya mtaani ambao haujatoka. Badilisha mpangilio kwa kila mtu. Uliza "Umewahi kuusikia?", kisha "Anaimba nani?" Usitaje jina la msanii wewe mwenyewe.

Chambo ndicho kinachookoa hesabu. Watu ni waungwana na wengi hukubali ili wasikuvunje moyo. Tuseme 40 kati ya 100 wamesema wanaujua wimbo wako, na 8 wamedai kujua chambo: toa 8, ubaki na 32. Sampuli ya watu 100 ina kosa la karibu pointi 10 juu na chini, hivyo ukweli uko kati ya 22 na 42. Ukitaka kosa la pointi 5 utahitaji watu 400, na hata hapo ni ikiwa hukuwachagua kwa sura. Mhoji amsimamishe kila mtu wa tano anayepita, si yule anayetabasamu.

Gawanya watu 100 hivi: 30 Kibuye siku ya Jumapili, 25 stendi kuu, 25 Kondele jioni, 20 karibu na chuo. Wahoji wakiwa wanafunzi watupu wataleta majibu ya wanafunzi, kwa hiyo awepo angalau mmoja wa makamo anayezungumza Kidholuo vizuri. Usifanye kazi hii mlangoni mwa klabu.

Swali la pesa lisiulizwe kwa maneno. "Ungelipa shilingi 500?" hupata ndiyo za bure. Kama tarehe na ukumbi viko tayari, mpe aliyetaja jina la msanii nafasi ya tiketi ya mapema kwa 300 papo hapo, uhesabu waliotoa simu na kulipa.

Ukishapata namba

Wengi wanaujua wimbo lakini hawajui anayeuimba: ni wimbo wa redio na wa sakafu, upige, ila msanii asiwe jina kubwa kwenye bango. Wachache wanaujua, wote wanamtaja na wanalipa: ukumbi mdogo, bei ya juu kidogo, tangazo kwenye makundi yao. Flashi na matatu vinamtaja na mtandao umenyamaza: huyo ndiye wa kumlipa mapema, kabla bei yake haijapanda.

Ukipeleka kipimo hiki Nakuru, usitumie sampuli moja kwa mji mzima. Free Area, Kaptembwa na wanafunzi wa Egerton kule Njoro hawasikilizi redio zilezile wala lugha zilezile. Fanya watu 100 kwa kila eneo, na usichanganye majibu kabla ya kuyatazama moja moja.

Rudia mtihani wa barabarani wiki tatu baadaye, kabla ya kulipa awamu ya pili. Wimbo uliosukumwa na mashabiki tu mara nyingi huwa umeshuka, na mkataba usiokuruhusu kubadili ukumbi wakati huo usiutie sahihi.