Kufufua matumbawe Malindi: msikimbilie kupanda

Watu wakisikia kufufua mwamba wa matumbawe wanawaza kupiga mbizi na kupandikiza vipande vya matumbawe, lakini jamani hiyo ndio kazi ya mwisho, kwanza uliza kilichoua ni nini. Kama ni joto, mfano lile la 1998 lililofanya matumbawe yawe meupe pwani yetu na mengi yakafa, mwamba unaweza kurudi wenyewe ukiachwa upumue. Kama ni nanga au juya, ule wavu wa kukokota, kaeni na BMU (kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo) mkubaliane, mwekewe maboya ya kufungia boti, manake ukipanda leo na juya lipite kesho umepanda bure.

Halafu samaki. Pono na kangaja wanakula mwani unaofunika mawe, na mtoto wa tumbawe (tumbawe ni mnyama, si jiwe) anataka jiwe gumu safi pa kushika. Kikande naye anakula wale wadudu wa miiba wanaokwangua mwamba, akivuliwa mpaka akaisha wanajaa wao na mwamba unaliwa. Kwangu mimi kikande mmoja hai ana faida kuliko vipande kumi vya kupanda.

Ila mwamba ukishakuwa kifusi kinachobingirishwa na mawimbi hapo hauponi peke yake, mtoto akishika anasagika. Hapo saidia. Ongea na BMU, na ndani ya hifadhi ruhusa ni ya KWS (shirika la wanyamapori la Kenya), usiguse kitu bila hao. Okota vipande vilivyokwisha vunjika ila bado vina rangi, usivunje tumbawe zima, na changanya kutoka matumbawe tofauti hasa yaliyovumilia joto, ukitoa yote kwa mzazi mmoja ugonjwa ukija yanaenda yote. Beba kwenye ndoo ya maji ya bahari, kivulini, kisha funga kwenye kamba au meza ya chuma iliyoinuka juu ya mchanga, hicho ndicho kitalu, vikue hapo kabla ya kuhamishiwa mwambani.

Sasa kusugua. Mwani unaota haraka, kila baada ya wiki kadhaa shuka na brashi usugue kamba na chuma, taratibu usiguse nyama ya tumbawe, vitalu vingi vinakufa hapa watu wakichoka. Yale ya matawi yanaweza kuongeza sentimita 10 kwa mwaka, ya mviringo kama sentimita 1 tu, kwa hivyo subira.

Kuhamishia mwambani epuka Machi na Aprili maji yakiwa moto, na kumbuka wakati wa kaskazi (upepo wa kutoka kaskazini) tope la mto Sabaki linasukumwa huku kwetu. Mimi naona kusi, upepo wa kutoka kusini, ikilegea ndio vizuri. Kwangua jiwe, bandika kwa saruji, kisichotikisika ndicho kinashika. Piga picha palepale kila msimu uhesabu vilivyo hai, na sehemu ikifa mara mbili hamieni kwengine.