Kuhama Dar: chagua mji kwa kile usichoweza kukikosa

Kila mteja anayesikia tunahama ananipa mji wake. Mmoja anasema Arusha kwa sababu ya hewa, mwingine Dodoma kwa sababu ya serikali, shemeji yangu anasema Mwanza kwa sababu ni kwao. Mimi ni fundi cherehani, Mbagala Rangi Tatu. Nawasikiliza, nawashukuru, naendelea kushona, maana kila mmoja anajibu swali lake.

Anzeni nyumbani. Kila mtu, hata mtoto wa darasa la tano, aandike peke yake vitu vitatu ambavyo hawezi kuishi bila kuvipata. Msijadiliane kwanza, mwenye sauti kubwa atashinda. Kwetu baba watoto aliandika uwanja wa kufugia kuku. Binti akaandika marafiki zake (hilo halina dawa). Mama yangu mzazi akaandika kliniki yake ya saratani, Ocean Road hapa Dar. Mimi nikaandika Kariakoo.

Sasa tafuteni kitu kimoja ambacho mji ukikikosa, mazungumzo yamekwisha. Kipeni kura ya turufu. Kuna watu wanaotoa alama, hewa nane, kodi saba, shule sita, kisha wanajumlisha. Mji unaweza kupata jumla nzuri kabisa huku mgonjwa wenu hana pa kutibiwa.

Kliniki ya mama ilifuta miji haraka. Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na simpandishi mgonjwa basi la kutwa nzima. Mwanza kuna hospitali ya Bugando, wanatibu saratani, lakini mama hataki kuanza upya na madaktari wengine, na kwa hilo sibishani naye. Zikabaki Morogoro, Dodoma na Tanga.

Kinachofuata ni pesa inakotoka. Mwenye mshahara anauliza ajira. Sisi tunaoishi kwa mikono tunauliza mzigo unapatikana wapi na mteja ni nani. Nyuzi, zipu, gamu na vitambaa vya sare nachukua Kariakoo. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024, na Dodoma mwezi uliofuata, hesabu yangu ilibadilika: naweza kutoka Morogoro asubuhi, nikanunua, jioni nikalala kwangu. Ila stesheni ya Morogoro iko Kihonda, si katikati ya mji, kwa hiyo weka na pesa ya bodaboda. Tanga, isiyo na treni hiyo, ilianguka hapo, ingawa moyo wangu ulikuwa kule. Dodoma ina wateja wa suti tangu serikali ihamie, lakini mimi ni mtu wa sare za shule na madera.

Gharama isiyoandikwa na mtu ni shughuli za ukoo. Ukiwa Mbagala, msiba wa Temeke ni nauli ya daladala. Ukiwa mkoani ni nauli ya safari, siku za kulala, fremu imefungwa, na rambirambi iko palepale. Fungua simu, angalia pesa ulizotuma mwaka uliopita, uhesabu mazishi, arobaini, ndoa na ngoma ulizohudhuria mwenyewe. Zidisha kwa nauli ya kwenda na kurudi. Usijidanganye kwamba utatuma tu mchango; shangazi zangu hawana msamaha kwa mtu aliyetuma kwa simu akabaki kwake. Kwangu hesabu hii peke yake ilitosha kuipa Morogoro nafasi mbele ya Dodoma.

Mji ukishapatikana, nenda kauone wakati wake mbaya. Dodoma nenda Oktoba, ukavu na vumbi. Mbeya nenda Julai, ubebe sweta. Morogoro nenda mara mbili: masika uone njia za mtaani, na mwisho wa kiangazi uone bomba, maana mji unategemea sana Bwawa la Mindu.

Dalali ni wa kukuonyesha nyumba. Habari za maji muulize mama ntilie wa jirani, ukishakula kwake: yanatoka siku gani, nani anauza ndoo. Kwa wapangaji uliza kama mita ya umeme ya LUKU ni ya kila mmoja au mnachangia. Mwenye nyumba atataka kodi ya miezi sita; omba mitatu kwa mara ya kwanza, ukieleza kwamba wewe ni mgeni wa mji. Wengine hukubali.

Tarehe ya kuhama nayo ina mvutano. Kwa mtoto, Desemba ndiyo nzuri, anaanza Januari na wenzake. Kwa fundi wa sare, Desemba na Januari ndiyo mavuno. Tumeamua likizo ya Juni. Uhamisho wa shule tunaufuatilia kuanzia sasa, na fremu ya Mbagala anabaki nayo mdogo wangu mpaka mkataba uishe.