Somo: Kuchora ramani ya vipokezi vya opioidi (sehemu za seli ambapo dawa kama mofini hushika) kwenye ubongo wa panya

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii niliharibikiwa na bongo sita kwa usiku mmoja. Umeme ulikatika hapa Moshi, jenereta ikagoma, asubuhi friza inachuruzika maji. Tishu ikiyeyuka ikaganda tena, barafu huipasua, basi tena. Vibali vya maadili na vya mionzi uwe navyo kabla hujagusa panya.

1. Ubongo ukitoka, uzamishe kwenye isopenteni iliyopozwa kwa barafu kavu, kisha uhifadhi nyuzi 80 chini ya sifuri. Fomalini weka mbali, inaua mshiko, yaani uwezo wa kipokezi kushika dawa.

2. Kata kwa kriostati (mashine ya kukatia tishu iliyoganda), maikromita 20. Kipande kinajikunja kama ganda la kitunguu. Kitulize kwa brashi laini, kibandike kwenye slaidi yenye jelatini. Panga slaidi zako jozi jozi.

3. Suuza nusu saa kwenye bafa ya Tris (kimiminika kinachotuliza kiwango cha asidi) yenye chumvi, endofini za panya mwenyewe, yaani opioidi za mwili wake, ziachie nafasi. Hatua inayofuata chumvi isiwepo, maana sodiamu hupunguza mshiko wa DAMGO, dawa inayoshika vipokezi vya mu, aina mojawapo ya vipokezi vya opioidi.

4. Lowesha saa moja kwenye DAMGO yenye tritiamu (hidrojeni yenye mionzi), nanomola 4. Slaidi ya pili ya kila jozi iongezee naloksoni, dawa inayoziba vipokezi vya opioidi, maikromola 1. Wengi hubania hapa ili kuokoa dawa, na ndipo ramani inapokufa. Fikiria Hiace ya Moshi–Arusha: naloksoni imekalia viti vyote, DAMGO unayoiona bado ni ile inayoning'inia mlangoni. Hiyo unaitoa kwenye jumla. Kinachobaki ndiyo mshiko halisi.

5. Osha mara tatu kwa bafa ya baridi kali, chovya kwenye maji yaliyotoneshwa, kausha kwa feni ya hewa baridi.

6. Funga gizani na filamu ya tritiamu, pamoja na vipimo vya kulinganishia, wiki nane au zaidi. Hapo TANESCO wakate wanavyotaka.

Ukiisafisha filamu utaona maeneo mawili ya ndani ya ubongo: straita ina madoadoa meusi, na thalamasi imeiva. Hivyo ni vipokezi vya mu.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Nimetumia U-69593, dawa inayoshika vipokezi vya kapa (aina nyingine ya vipokezi vya opioidi), kutafuta kapa kwa panya, filamu nyeupe karibu yote. Nimekosea wapi?*

Marahaba. Huenda hujakosea. Panya ana kapa chache mno. Simbilisi anazo nyingi. Angalia klostramu kwanza (utando mwembamba ndani ya ubongo), kisha uongeze wiki za filamu.

*Dokta, si tutumie antibodi tu, tuepuke mionzi?*

Antibodi nyingi za vipokezi hivi hupaka rangi hata kwa panya aliyeondolewa jeni la kipokezi chenyewe. Ukizitumia, hakikisha una tishu ya panya wa namna hiyo pembeni. Na protini kuwepo hakukuambii kama dawa inashika.

*Kuna hatari gani kwa anayeshika slaidi?*

Miale ya beta ya tritiamu haipenyi ngozi. Hatari ni kuimeza tritiamu au kuivuta puani, kwa hiyo glavu mbili, na chapati zako ziache nje ya mlango.