SOMO: Kutambua mimea ya porini kabla ya kuuliza "huu ni mmea gani?"

Wakuu, kila wiki nafungua simu nakuta picha tatu nne za majani, na chini yake "wajuzi, huu mmea gani?" Majibu yangu ni yale yale kila mara, kwa hiyo leo nayaandika yote mahali pamoja. Sikusomea mimea chuoni. Nilianza kwa kutembea, Muheza kupanda hadi Amani, na daftari mkononi.

1. Beba daftari, penseli, na ukiweza lenzi ndogo ya kukuza mara 10.

2. Usichokijua usikishike ovyo. Utomvu wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na vinyweleo vya upupu hupeperushwa na upepo.

3. Piga picha tano: mmea mzima, mahali jani linaposhikana na tawi, jani juu na chini, ua kwa mbele na kwa ubavu, na tunda kama lipo. Weka kiganja nyuma ya ua ili simu isivutwe na majani ya mbali.

4. Jua jani linaanzia wapi. Hapa naomba msome polepole.

Miaka ya mwanzo nilimwambia mama jirani kwamba mti wa uani kwake ni mwarobaini. Niliona majani yaliyochanika vipande vipande, yenye meno pembeni, nikaridhika. Siku moja nikamkuta ameinjika sufuria, anataka kumchemshia mtoto mwenye homa. Mzee mmoja aliyekuwa anapita ndiye aliyetuzuia. Mti ule ulikuwa melia, ndugu wa mwarobaini, na matunda yake ni sumu. Mpaka leo nikikumbuka ile sufuria moyo unanienda mbio.

Kosa langu lilikuwa hili: sikujua jani moja ni lipi. Shika kile unachodhani ni jani, fuata kikonyo chake kurudi nyuma, halafu tazama kwapani. Jani kamili lina jicho pale linapoungana na tawi, yaani kichipukizi kidogo, wakati mwingine sawa na kichwa cha pini. Usipoliona, basi umeshika kipande tu cha jani. Endelea kurudi nyuma. Ukifanya hivyo kwa mwarobaini, utakuta jani limegawanyika mara moja: uti mmoja, vipande huku na huku, vimepinda kama mundu. La melia limegawanyika mara mbili au zaidi, uti unatoa nyuti nyingine. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya melia yana zambarau. Matunda ya melia ni ya mviringo, hukaa mtini hata majani yakishapukutika.

ONYO: msimpe mtu dawa wala mboga kwa sababu ya jina mlilolipata kwenye picha. Hata kama jina nimelitoa mimi.

Ukishalijua jani, angalia mpangilio: yanatazamana mawili mawili au yanapishana?

5. Ua. Hesabu petali (vile vipande vya rangi vya ua), lakini chunga kishona nguo. Kile unachokiona kama ua moja ni kundi la maua madogo mengi. Kila sindano nyeusi iliyonasa kwenye suruali yako ilitoka kwenye ua lake moja.

6. Papasa shina, fikicha jani, unuse (ukishahakikisha hatua ya 2). Lantana utaijua hata haina maua: shina la pembe nne lenye vimiba, na harufu kali.

7. Andika tarehe, mahali, na jina la wenyeji pamoja na lugha yake.

8. Jina la kisayansi ndiyo hatua ya mwisho. Programu ya simu ya kutambua mimea kwa picha, kama iNaturalist, inasaidia, ila inakisia. Ukifika kwenye jenasi (kundi la mimea ndugu, ndilo neno la kwanza la jina la kisayansi) ukakwama, andika jenasi, inatosha.

MASWALI

Kijana wa Chalinze: Mkuu huu mti gani? Nimepiga nikiwa kwenye basi.
Jibu: Hatua ya 3.

Kijana wa Chalinze: Sasa si ungesema tu kama unajua?
Jibu: Naona ukungu wa kijani na nguzo ya umeme. Nikikutajia jina hapo nitakuwa nakudanganya, na nimeshaeleza kwa nini siwezi kufanya hivyo tena.

Mama Neema: Majina ya wenyeji ya nini ikiwa la kisayansi lipo?
Jibu: Swali zuri sana, dada. Mgagani wetu, Wakisii wanauita chinsaga na Wajaluo dek. Ukimuuliza bibi kwa jina lake atakuonyesha unapoota na lini unachumwa. Ila mgunga ni jina la miti mingi tofauti yenye miiba. Yaandike yote mawili.

Mwalimu Kibao: Shikamoo mkuu. Mbona majina ya kisayansi nayo yanabadilika?
Jibu: Marahaba mwalimu. Jina linafuata ukoo, na ukoo ukichunguzwa upya jina huhama. Ule urujuani wa Usambara uliitwa Saintpaulia mwaka 1893, leo umewekwa ndani ya Streptocarpus. Migunga yetu nayo haimo tena kwenye Acacia. Imegawanywa Vachellia na Senegalia. Jina la zamani usilifute, liache kwenye mabano.

Mwalimu Kibao: Nataka wanafunzi wahifadhi mimea. Tuna magazeti tu.
Jibu: Magazeti yanatosha kabisa. Tandaza tawi lenye ua, geuza jani moja lionyeshe mgongo, funika, weka matofali juu. Badilisha gazeti kila siku wiki ya kwanza, la sivyo ukungu. Rangi ya ua na harufu waandike siku ile ile, zikikauka zinapotea.

Binti Pangani: Na upupu ukishakupata?
Jibu: Usikune. Kwetu tunasugua majivu makavu kwanza, maji baadaye.

Kijana wa Chalinze: Nimerudi kwa miguu. Picha tano hizi. Jicho nimeliona kwapani, majani yanapishana.
Jibu: Safi sana kijana. Sasa fikicha jani, uniambie linanuka nini.