Namna ya Kupima Filamu ya Mapigano: Mfano wa Die Hard

Filamu ya mapigano naitazama mara mbili. Ya kwanza kwa raha. Ya pili nazima sauti na kushika kalamu.

Bila sauti, jiulize: najua nani yuko wapi? Die Hard (1988) ya John McTiernan inafaulu sana hapa. Jengo la Nakatomi, ambamo mapigano yanatokea, unalielewa lote, lifti, paa, hadi njia za hewa. Filamu inayokatakata picha mpaka ngumi huzioni, ipunguzie alama.

Kisha mtazame steringi: akiumia, anabaki ameumia? John McClane, polisi anayepambana na majambazi humo jengoni, yuko pekupeku, anakanyaga vioo, na baada ya hapo anachechemea kwelikweli. Maumivu yasiyofutika ndiyo yanayonitia hofu. Adui mpime kwa akili. Hans Gruber, aliyeigizwa na Alan Rickman, ana mpango, hivyo kila hatua ya McClane ina uzito.

Udhaifu uandike hata kwa filamu unayoipenda. Naibu mkuu wa polisi aliye nje amefanywa mjinga kupita kiasi, ili McClane abaki peke yake. Waandishi wamejirahisishia kazi. Mhusika akikosea kwa kuwa hadithi inamtaka akosee, andika dakika yenyewe pembeni.